Daftari Moja, Nakala Nyingi: Utatuzi wa Majina katika Klasta Ndogo ya Kompyuta, kwa Mfano wa Kitengela

Ikisiri

Kompyuta za klasta, yaani kundi la kompyuta zinazogawana kazi, hushirikiana kwa kuitana majina. Makala hii inatetea hoja kwamba katika klasta ndogo swali la msingi ni nani anayeandika daftari la majina na daftari hilo linakaa wapi. Programu ya kulisoma ni jambo la pili. Hoja inajengwa kwa kutazama usajili wa ardhi Kajiado, historia ya mfumo wa majina ya vikoa (DNS), na juhudi za Kenya za kuweka nyumbani usimamizi wa majina na mawasiliano yake.

Utangulizi

Anayenunua ploti Kitengela huelekezwa kwa alama: nyuma ya kanisa, ukipita kituo cha mafuta, mkabala na lango jekundu. Alama hizo humfikisha. Akifika kwa wakili, hakuna anayeuliza habari za lango. Kinachotakiwa ni jina la kipande kama lilivyo katika usajili: Kajiado kwanza, kisha eneo la usajili, kama vile Kitengela au Kaputiei North, na mwisho namba. Ranchi ya pamoja ya Kitengela ilipogawanywa mwaka 1988, na wenye vipande walipoanza kuvigawa tena na kuviuza, namba za zamani zilifungwa na mpya zikazaliwa. Jina la kipande lina nguvu kwa kuwa rejista inalibeba. Zikitokea hati mbili kwa ploti moja, uzuri wa karatasi haumsaidii yeyote.

Kompyuta nazo zina shida hiyohiyo. Programu humwita mwenzake kwa jina, lakini mtandao hupeleka data kwenye anwani ya IP. Utatuzi wa majina ndio utaratibu wa kutoka kwenye jina hadi kwenye anwani. Tuchukue mfano wa kubuni: kompyuta tano katika chumba kimoja mjini Kitengela, zote kwenye swichi moja. Tuzipe majina ya miji ya barabara ya Namanga: kitengela iwe msimamizi anayegawa kazi, na isinya, kajiado, bisil na namanga ziwe za kazi. Anwani zao ni 10.20.0.1 hadi 10.20.0.5, kutoka katika mafungu ya anwani za faragha yaliyotengwa na waraka wa RFC 1918 mwaka 1996. Daftari la majina haya matano liandikweje?

Faili iliyodharauliwa

Jibu la kale ni faili ya /etc/hosts, ambamo kila mstari una anwani na jina lake. Wataalamu wengi huidharau, wakisema historia ilikwisha kuihukumu. Kweli, mtandao wa ARPANET ulitegemea faili moja, HOSTS.TXT, iliyotunzwa na kituo kilichoongozwa na Elizabeth Feinler katika Stanford Research Institute, California. Kila taasisi ilichukua nakala yake kutoka huko. Mashine zilipoongezeka, faili ikawa ndefu, mabadiliko yakawa ya kila mara, na mezani pa kituo kimoja maombi yakarundikana. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alichapisha muundo wa DNS, ambao hugawa mamlaka ya majina kwa ngazi: kila mwenye kikoa huandika sehemu yake mwenyewe.

Tukiisoma historia hiyo kwa makini, tunaona kwamba HOSTS.TXT ilishindwa na wingi wa mashine na umbali wa mwandishi. Chumba chetu hakina hata kimoja kati ya hivyo viwili. Mashine ni tano na mwandishi yumo chumbani. Faili yenyewe haina kosa. Kosa huanza pale nakala tano zinapohaririwa kwa mikono na watu watatu, mpaka isinya inaamini kwamba bisil iko 10.20.0.4 na namanga inaamini kwamba bisil iko 10.20.0.5. Hizo ndizo hati mbili kwa ploti moja.

Mitego mitatu

Mtego wa kwanza umo ndani ya faili hiyohiyo. Kisakinishi cha Debian, na cha Ubuntu vilevile, kwa kawaida huandika mstari unaolifunga jina la mashine kwenye anwani 127.0.1.1, ambayo haitoki nje ya mashine yenyewe. Huduma ikiuliza jina lake na kujibiwa hivyo, hufungua mlango kwenye anwani hiyo na kungoja wageni wasioweza kufika. Msimamizi ataona huduma inaendelea vizuri. Mashine nyingine zitaona ukuta. Katika klasta, jina la mashine lielekezwe kwenye anwani yake halisi ya mtandao.

Mtego wa pili ni subira. Linux husoma seva za majina kutoka /etc/resolv.conf, zisizozidi tatu, na kwa kawaida huziuliza kwa mpangilio zilivyoandikwa. Isipojibiwa na ya kwanza, hungoja sekunde 5 kabla ya kuhamia ya pili. Kazi inayoita majina mara elfu hulipa sekunde hizo tena na tena, na mtumiaji hulalamika kwamba kompyuta ni nzee.

Mtego wa tatu huvaa sura ya busara: kuandika seva ya ndani kwanza, kisha seva ya umma kama akiba. Lakini seva ya umma haijui jina bisil. Ikiulizwa, hujibu kwamba jina hilo halipo, na jibu hilo ni jibu kamili. Hakuna seva nyingine itakayoulizwa baada yake. Hivyo seva ya ndani ikichelewa mara moja tu, mashine iliyo umbali wa mkono huwa imefutwa duniani. Akiba ya daftari la ndani ni nakala ya daftari hilohilo, wala haiwezi kuwa kitu kingine.

Cha jirani kisizunguke dunia

Kenya ina kumbukumbu yake katika jambo hili. Kabla ya kituo cha kubadilishana data cha KIXP kufunguliwa Nairobi mwaka 2000, barua pepe kati ya wateja wa kampuni mbili za jiji hilohilo iliweza kuvuka bahari na kurudi. Kituo kilifungwa baada ya majuma machache kutokana na pingamizi la kampuni ya simu ya Telkom Kenya, kikafunguliwa tena mwaka 2002. Upande wa majina, kikoa cha taifa cha .ke kilichoanzishwa mwaka 1993 kilikuwa na msimamizi Mkenya, Shem Ochuodho, na mtaalamu wa kujitolea aliyekuwa Marekani, Randy Bush. Usimamizi ulihamia KENIC, shirika la Kenya la kusimamia .ke, baada ya idhini ya Desemba 2002 kutoka ICANN, shirika linaloratibu majina ya intaneti duniani. Hoja katika mambo yote mawili ilikuwa moja: kinachohusu jirani kijibiwe na jirani.

Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini na intaneti ikazorota Afrika Mashariki. Klasta inayotatua majina yake kupitia seva za ng'ambo ingedorora wakati huo, ingawa waya kati ya isinya na kajiado ulikuwa mzima. Stima ilipopotea karibu Kenya nzima tarehe 25 Agosti 2023, hatari ilikuwa nyingine: mashine zinazogawiwa anwani na ruta iliyosahau ilichogawa jana zinaweza kuamka na anwani mpya, huku daftari likishika za zamani.

Pendekezo, na pingamizi lake

Njia inayofaa ni hii. Daftari moja liandikwe kwenye kitengela. Programu ya dnsmasq hapohapo isome /etc/hosts na kuwajibu wengine kwa itifaki ya DNS, kwa jina na kwa anwani vilevile, na igawe anwani zilizofungwa kwa kila kadi ya mtandao. Nakala ya faili hiyo isambazwe kwa programu hadi kila mashine, na mkono wa mtu usiiguse huko. Kikoa kiwe chini ya .internal, jina ambalo ICANN ililitenga mwaka 2024 kwa mitandao ya faragha; .local liachwe, kwa kuwa tangu 2013 lina kazi yake katika mDNS, itifaki ya mashine kutafutana kwa majina bila seva.

Atakayepinga atasema: kitengela ikizimika, daftari limezimika. Ni kweli, lakini mgawaji wa kazi naye amezimika, na nakala zilizosambazwa zinatosha mashine zilizobaki kuitana. Pingamizi zito zaidi ni kwamba ardhi haihami, na mashine huhama. Kwa hiyo huduma zipewe majina ya kazi, kama hifadhi, yanayoelekezwa kwenye mashine yoyote inayoibeba kazi hiyo leo. Nayo klasta ikikua hadi mamia ya mashine na waandishi wengi, sababu za mwaka 1983 zitakuwa zimerudi, na DNS kamili itastahili gharama yake.

Hitimisho

Klasta ndogo haihitaji mfumo mkubwa wa majina. Inahitaji mwandishi mmoja. Kabla ya kuchagua programu, msimamizi ajiulize iwapo anaweza kuonyesha kwa kidole mahali ambapo jina bisil limeandikwa kwa mkono wa mtu. Akionyesha mahali pawili, kazi ya kwanza ni kufuta pamojawapo.