Shahada ya Nzi: Wadudu Mahakamani na Baridi ya Ubena

Katika nchi ya Ubena, kuanzia Makambako hadi Njombe, na pande zile za Kidugala ambako wamisionari wa Kijerumani kutoka Berlin walijenga kituo chao mwishoni mwa karne ya 19, kuna baridi ambayo mgeni wa pwani huisikia mifupani tangu usiku wa kwanza. Na baridi hiyo, ambayo wenyeji aghalabu huitaja katika habari za viazi, chai na miwati, inatawala pia jambo jingine ambalo ni wachache walioketi kulifikiri, nalo ni mwendo wa maiti kurejea udongoni. Mtu akifa porini asionekane kwa siku nyingi, kisha wachungaji au wakata kuni wakaukuta mwili wake, polisi, hakimu na ndugu wa marehemu huuliza swali moja: alikufa lini? Jawabu lake laweza kumtia mtu kitanzini au kumwachia huru, kwa kuwa aliyekuwa Mbeya siku ya mauti hawezi kuwa ndiye aliyeua Wanging'ombe. Na shahidi ambaye aghalabu hufika kwanza, kabla ya mchungaji, kabla ya askari, na pengine kabla ya fisi, ni nzi.

Elimu ya kumsikiliza shahidi huyu ina umri mkubwa. Mwaka 1247 hakimu mmoja wa Kichina, Song Ci, alitunga kitabu cha kuwaongoza maafisa waliopewa kazi ya kuchunguza vifo, na ndani yake akasimulia habari za mtu aliyekutwa amekatwakatwa kwa mundu. Aliyechunguza kifo hicho aliwaamuru wanakijiji wote walete miundu yao, waiweke chini juani mbele ya macho ya watu. Ikawa hapana mundu uliokuwa na doa la damu, lakini nzi wakatua juu ya mmoja tu, wakauzunguka, na mwenyewe alipoona hayo akakiri. Hadithi hiyo imesimuliwa sana, na kwa haki, maana yatuonyesha kwamba hakimu wa karne ya 13 alikwisha kutambua kuwa pua ya nzi ni kali kuliko jicho la mwanadamu.

Hata hivyo kutambua kwamba nzi hufuata damu si kujua nzi anazaliwaje, na Ulaya nayo ilikaa karne nyingi ikiamini kwamba funza hutoka katika nyama yenyewe inapooza. Francesco Redi, tabibu wa Kiitaliano, ndiye aliyeivunja dhana hiyo mwaka 1668 kwa jaribio jepesi mno: aliweka nyama vyomboni, vingine akaviacha wazi na vingine akavifunika kwa kitambaa chepesi, na funza wakaonekana katika nyama iliyoachwa wazi tu, ambako nzi waliweza kutaga. Hapo ndipo msingi wote wa elimu hii uliposimama, kwa sababu maadam funza ni mtoto wa nzi, na nzi hutaga baada ya kifo, basi umri wa funza ni kipimo cha siku ambazo maiti imekaa.

Mahakamani kipimo hicho kilianza kutumika Ufaransa. Mwaka 1850, katika mji wa Arbois, mafundi waliokuwa wakitengeneza nyumba walikuta nyuma ya plasta ya mahali pa moto mwili wa mtoto mchanga uliokauka, na macho ya watu yakawaelekea wapangaji waliokuwamo wakati ule. Daktari Bergeret aliuchunguza mwili, akatazama maganda ya pupa na wadudu wengine waliokuwamo, akahesabu vizazi vyao, akahukumu kwamba mtoto yule aliwekwa pale mwaka 1848, wakati nyumba ilipokaliwa na watu wengine. Na shubuha ikawaondokea wapangaji wapya. Kesi hii husifiwa kila elimu hii inapotajwa, nami naisifu, lakini yafaa msomaji ajue pia kwamba Bergeret alidhani mdudu huchukua mwaka mzima kutoka yai hadi kuruka, ilhali nzi wa mizoga wakati wa joto huweza kumaliza safari hiyo kwa wiki mbili au tatu. Hesabu yake ilikuwa safi, ila jedwali aliloliegemea halikuwa sahihi. Nitalirudia jambo hili, kwa kuwa ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mfaransa mwingine, Pierre Mégnin, daktari wa mifugo wa jeshi, alichapisha mwaka 1894 kitabu juu ya wadudu wa maiti, akaeleza kwamba hawaji wote pamoja bali kwa zamu: hutangulia nzi, kwa nyama mbichi, na hufuata wengine kadiri mwili unavyovimba, unavyochuruzika na unavyokauka, hata mwishoni wakaja mbawakavu wadogo wanaotafuna ngozi kavu na nywele. Kisha ikaja kesi iliyowafanya mahakimu wa Uingereza watege masikio. Tarehe 29 Septemba 1935, katika korongo karibu na Moffat, Uskoti, vilionekana vipande vya miili ya wanawake wawili vikiwa vimefungwa vifurushi. Walikuwa mke na mtumishi wa daktari mmoja wa Lancaster, Buck Ruxton, wasioonekana tangu katikati ya mwezi ule. Mtaalamu Alexander Mearns aliwatazama funza waliookotwa akakadiria kuwa wana siku 12 hadi 14, na hesabu hiyo ikaafikiana na siku walizopotea wale wanawake. Alama za vidole, na picha za marehemu zilizolinganishwa na mafuvu, ndizo zilizobeba mzigo mkubwa wa ithibati. Lakini funza hawakupingana nazo, na Ruxton akanyongwa tarehe 12 Mei 1936.

Huko Marekani, mwaka 1977, mtaalamu wa mifupa William Bass aliitwa kutazama mwili uliokutwa kaburini Tennessee, akakadiria kwamba mtu yule hajatimiza mwaka tangu afe. Kumbe alikuwa afisa wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, Kanali William Shy, aliyeuawa mwaka 1864, ambaye dawa ya kuhifadhi maiti na jeneza la chuma vilimzuia asioze. Kosa la miaka 113! Bass hakulificha, alilifanya kuwa sababu ya kuanzisha, Knoxville, kiwanja ambamo miili iliyotolewa kwa hiari huachwa wazi ili wanachuoni waandike, siku baada ya siku, yanayotokea, na utafiti wake wa kwanza ulianza mwaka 1981.

Afrika ya Mashariki nayo haikukosa sehemu yake. Katika hifadhi ya Tsavo Mashariki nchini Kenya, ambako ukame wa miaka ya 1970 na 1971 uliua maelfu ya tembo, Malcolm Coe wa Oxford alifuatilia jinsi mizoga ya wanyama hao inavyooza, na mwaka 1978 akachapisha alichokiona. Ni kazi ya elimu ya viumbe, wala haikukusudiwa mahakama, lakini ni miongoni mwa kumbukumbu za mwanzo zilizoandikwa kwa makini juu ya uozo katika ardhi yetu na jua letu. Miaka kumi baadaye, mwaka 1988, mabaki ya msichana wa Kiingereza yalipatikana Maasai Mara, na swali likawa: ameliwa na wanyama au amekatwa kwa chuma? Ripoti ya daktari wa kwanza ilisema mfupa umekatwa, ikabadilishwa isomeke vinginevyo; ndipo baba yake akapigana miaka mingi ili ukweli uandikwe kama ulivyo. Na tangu Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilipofukuliwa zaidi ya miili 400 ya waumini walioambiwa wafunge hata kufa, madaktari wa serikali walifanya kazi juu ya maiti zilizooza kwa viwango mbalimbali, nyingi zikihitaji vipimo vya vinasaba ili zipate majina. Na katika baadhi ya hizo wakaona dalili za kunyongwa na kupigwa, wala si njaa peke yake. Uozo haukufuta kila kitu.

Sasa turejee Ubena, ambako mwishoni mwa mwaka 2018 na mwanzoni mwa 2019 mkoa wa Njombe ulipatwa na msiba wa watoto wadogo waliotekwa na kuuawa, baadhi yao wakiokotwa vichakani, na hofu ikaingia majumbani pamoja na mwenziwe, uvumi, ambao humnyooshea kidole mgeni, mganga, jirani mwenye mali. Penye uvumi wa namna hiyo, siku ya kifo ikijulikana kwa yakini, wasio na hatia huwa na ngome.

Ugumu uko katika joto. Funza hana damu yenye moto wake mwenyewe. Hukua kwa joto analolipata nje, na chini ya kiwango fulani hasongi mbele kabisa. Kwa nzi mmoja wa kijani anayejulikana duniani kote, kiwango hicho hukadiriwa kuwa kama nyuzi 9. Tuseme basi kwamba wastani wa siku Dar es Salaam ni nyuzi 27, na wa Makambako ni nyuzi 18: funza wa Dar es Salaam amepata nyuzi 18 za kumfaa, wa Makambako 9, yaani siku moja ya pwani imekuwa sawa na siku mbili za huku. Na Njombe mwezi wa Julai, wastani ukiwa nyuzi 13, atapata 4 tu, na siku moja ya pwani itagharimu siku nne na nusu. Mtaalamu atakayechukua jedwali la pwani, au la nchi nyingine, akalisoma juu ya maiti iliyookotwa katika miwati ya Njombe, atasema siku tano mahali palipopita wiki tatu. Na huenda katika siku hizo tano mtuhumiwa alikuwa kijijini, ilhali katika siku ya kweli ya mauti alikuwa safarini.

Yako na mengine ya kutahadhari. Nzi kwa kawaida hatagi usiku wala katika mvua kubwa. Blanketi, mlango uliofungwa au udongo kidogo juu ya mwili humchelewesha. Na funza wakijazana kwa maelfu hutoa joto lao wenyewe, likapita joto la hewa kwa nyuzi nyingi. Fauka ya hayo, barani Afrika yuko nzi ambaye wanachuoni humwita Chrysomya albiceps, ambaye funza wake wenye vijimiiba huwala funza wa nzi wengine, hivyo waliotangulia kufika waweza kutoweka wote, na hesabu ikaanzia kwa waliochelewa. Na funza hubeba hata sumu: tangu mwaka 1980 imethibitika kwamba dawa aliyokunywa marehemu huweza kupatikana katika funza waliomla, hata nyama na damu zikiwa zimekwisha.

Sheria yetu haikuufunga mlango. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 yampa mtaalamu wa elimu ruhusa ya kutoa rai yake mbele ya mahakama, na Tanzania inayo sheria ya uchunguzi wa vifo vya mashaka tangu mwaka 1980. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo chimbuko lake ni maabara ya Wajerumani ya mwaka 1895 Dar es Salaam, ina ofisi ya kanda Mbeya, si mbali sana nasi. Kinachohitajika ni jedwali lililoandikwa hapa hapa: nzi gani hufika kwanza Kidugala, baada ya saa ngapi, na funza wake hukua kwa siku ngapi mwezi wa Julai na mwezi wa Desemba. Kazi hiyo haihitaji jengo la fahari. Wanafunzi wa sekondari ya Kidugala, wakiongozwa na mwalimu wao wa baiolojia, wakiwa na vipande vya maini katika makopo, kipimajoto na daftari, waweza kuianza. Na Chuo Kikuu cha Sokoine, chenye wataalamu wa wadudu, kingeweza kuikamilisha kwa mizoga ya nguruwe katika majira yote ya mwaka.

Na kwa watendaji wa vijiji, askari wa vituo na wahudumu wa vyumba vya maiti, nina ombi. Najua kwamba ndugu wakifika jambo la kwanza ni kumsitiri marehemu na kumwosha, na kwamba kuwaondoa funza mwilini ni heshima wanayomfanyia. Lakini kabla ya maji kumwagwa, chukueni funza wachache, wakubwa na wadogo, pamoja na maganda yaliyo udongoni chini ya mwili. Baadhi yao watieni katika maji ya moto kisha katika spiriti, wengine wawekeni hai pamoja na kipande cha nyama katika kopo lenye matundu. Andikeni mahali, saa na joto la hewa, na endeleeni kupima joto la mahali pale kwa siku kadhaa baadaye. Sampuli hizo zikishafika Mbeya zikiwa na maandishi hayo, hakimu atakuwa na kitu cha kuuliza na mtaalamu atakuwa na kitu cha kujibu.