Ulaji wa Sakafuni: Istilahi ya Bahari kwa Mwanafunzi wa Mlimani

Ulaji wa sakafuni ni tabia ya mnyama kushuka hadi chini ya maji na kula kilichoota, kinachotambaa au kilichojificha pale. Istilahi hii haisemi mnyama anakula nini, inasema anakula wapi. Wanasayansi hutumia neno la Kigiriki, benthos, lenye maana ya vilindi vya bahari, na anayetaka kulitohoa atapata "ulaji wa kibenthosi". Ni istilahi halali, lakini msomaji asiyelijua neno la Kigiriki haimsaidii kitu.

Mfano mashuhuri ni walarasi, mnyama wa bahari za barafu za Aktiki mwenye meno mawili marefu yanayoning'inia mdomoni. Wengi hudhani anayatumia kuchimba chakula. Sivyo. Walarasi hupiga mbizi kwa dakika tano hivi au zaidi, kwa kawaida kwenye maji yasiyozidi mita 80, kisha hupapasa matope kwa masharubu yake magumu, ambayo ni kati ya 400 na 700. Huko chini kuna giza, na masharubu ndiyo yanayomwonyesha njia. Akigusa kombe, hupuliza maji au hupepea matope kwa pezi la mbele, hubana midomo kwenye gamba, kisha huvuta ulimi nyuma kama mpini wa bomba la sindano. Nyama hufyonzwa, magamba hubaki palepale.

Kwetu Tanzania mlaji wa sakafuni wa kutajwa kwanza ni nguva. Wachache waliobaki wako hasa kati ya delta ya Rufiji, Mafia na Kilwa. Huyu hafyonzi kombe. Hula nyasi bahari, na huzing'oa pamoja na mizizi. Akipita, huacha mchirizi mtupu katikati ya majani, hata mtafiti akiuona hujua nguva alikula hapo. Tusichanganye nyasi bahari na mwani unaolimwa Zanzibar: nyasi bahari zina mizizi na hutoa maua, mwani hauna. Nguva naye ana nywele ngumu mdomoni za kupapasia, na dume huota meno marefu, ila si ndugu wa walarasi. Ndugu zake ni tembo na pimbi, wakiwamo perere wanaolia usiku katika msitu wa mlimani ulio juu ya vijiji vya Kibosho.

Sasa tuje kwenye tafsiri: kwa nini "sakafuni", na kwa nini "ulaji"? Mwanafunzi wa Kibosho akisikia "sakafu" huona saruji iliyosuguliwa, ilhali chini ya bahari ni tope na mchanga. Pingamizi hilo lina uzito, lakini somo la jiografia limekwisha kumzoesha "sakafu ya bahari", na istilahi moja kutumika katika masomo mawili ni faida. "Kilindi" hakifai, kwa kuwa nguva hula zaidi kwenye kina kifupi. "Malisho ya sakafuni" nayo ina kasoro mbili. Kwanza, malisho ni ya majani, na kombe si majani. Pili, Kibosho ng'ombe wengi hufungwa bandani na kuletewa majani na migomba, kwa hiyo wazo la mnyama kwenda mwenyewe hadi kwenye chakula hupotea. "Ulaji" linawabeba wote wawili, mla majani na mla nyama.

Liko pia suala la kitenzi. Tuseme mnyama "hupiga mbizi", tusiseme "huzama". Anayepiga mbizi amebana pumzi na atarudi juu. Anayezama huenda asirudi. Tofauti hiyo si ya mapambo. Walarasi na nguva hupumua hewa kama sisi, na nguva akinaswa na wavu wa jarife akashindwa kupanda juu, hufa maji. Nyavu hizo ni miongoni mwa sababu kubwa za nguva kupungua, na jike huzaa ndama mmoja tu kila baada ya miaka kadhaa.

Kwa walimu na waandishi wa vitabu, ushauri ni huu: andikeni "ulaji wa sakafuni", mweke "benthosi" katika faharasa kwa atakayeendelea na masomo ya juu, na kila mnyama apewe kitenzi chake. Walarasi hufyonza, nguva hung'oa.