Baraza: Kutoka Ukutani hadi Serikalini

Ndugu Mhariri aliponitaka niandike habari ya historia, bila shaka alitazamia masultani na vita. Nimechagua kitu tulichokikalia sote: baraza.

Mwaka 1870 mmisionari Edward Steere alitoa kitabu cha kufundishia Kiswahili cha Unguja. Katika orodha yake ya maneno, baraza kwanza ni kiti cha mawe, nje ya nyumba au ukumbini, ambapo mwenye nyumba huketi hadharani na kupokea rafiki zake. Kisha, kutokana na kiti hicho, ni mkutano wa Sultani na watu wake. Kwa maelezo hayo kiti kilitangulia, mamlaka yakafuata.

Atembeaye Mji Mkongwe huyaona hadi leo: mawe na chokaa, yameshikana na ukuta, yakitazama kichochoro. Mwanamume asiye jamaa hakuingizwa ndani kwa ajili ya staha ya wanawake, basi alipokewa pale. Muuza kahawa alipita na dele lake akigonganisha vikombe. Watu wakacheza bao, wakasomeana magazeti. Mvua za masika zikijaza vichochoro, wapita njia hutembea juu ya mabaraza wasilowe miguu. Limejengwa kwa fedha ya mwenye nyumba, lakini aketiye haombi ruhusa. Salamu yatosha.

Tusilisifu kupita kiasi. Lilikuwa la wanaume zaidi, na tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992, wapo Unguja waliochagua pa kunywea kahawa kwa kufuata chama.

Serikali ililichukua neno, kiti ikakiacha. Wakati wa ukoloni, baraza likawa siku ya Bwana Shauri: yeye kitini, wananchi chini mavumbini wakielezwa habari za kodi. Baada ya uhuru majina yaliongezeka: mwaka 1967 Baraza la Kiswahili la Taifa, mwaka 1980 Baraza la Wawakilishi la Zanzibar. Sina ugomvi na majina hayo. Ila katika utumishi wangu niliona ofisi moja ya umma, jina nalihifadhi, ikiondoa mabenchi ya varandani kwa sababu "watu wanajazana." Watu hawakupungua. Wazee waliofuatilia pensheni waliketi kwenye ngazi, na mama mmoja alitandika kanga yake kando ya pipa la taka. Ndani, kwenye kikao chetu, kila mjumbe alikuwa na kiti cha kuzunguka.

Sasa nasikia Kamati yetu inapendekeza kumbukumbu ya shule iwe lango la chuma lenye majina ya waliochanga. Mimi napendekeza baraza, ukuta wa nje, upande wa barabara, pale wazazi wanaposimama juani na masanduku siku ya kuripoti. Mafundi wa chokaa wapo. Hoja nitaitoa mkutanoni, na mchango wangu nitamkabidhi Mweka Hazina siku hiyohiyo.