Upasuaji wa kuunganisha pingili za mgongo: je, utaweza kuinama tena?

Ukipewa rufaa ya upasuaji wa mgongo, huenda swali lako la kwanza ni hili: nitaweza tena kulima, kufua na kuteka maji? Jibu fupi ni kwamba wengi huinama tena, ila kwa namna tofauti.

Nini hufanyika?

Mgongo wa chini una pingili 5. Daktari huunganisha mbili au zaidi kwa vipande vya mfupa, mara nyingi pamoja na skrubu na vyuma, ili zishikane ziwe mfupa mmoja. Hufanyika pingili zinapoteleza, zinapovunjika au zinapoharibiwa na ugonjwa, kwa mfano kifua kikuu cha mgongo.

Mgongo utakuwa mgumu kiasi gani?

Sehemu iliyounganishwa haipindi tena. Zikiunganishwa pingili mbili tu, wengi hawaoni tofauti kubwa, kwa sababu nyonga nazo husaidia sana unapoinama. Zikiwa nyingi, ugumu huonekana: kuvaa viatu, kujisafisha chooni, kulima kwa jembe la mpini mfupi. Pia pingili za jirani hubeba mzigo zaidi, na baada ya miaka zinaweza kuanza kuuma.

Miezi ya kwanza

Mfupa huchukua miezi kadhaa kushikana, wakati mwingine hadi mwaka. Mwanzoni usiinamie kiuno, usijipinde na usinyanyue vitu vizito.

- Dumu la maji la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Kabla ya kulazwa, kubaliana na familia au majirani nani atateka maji na kutafuta kuni.
- Weka jiko na beseni mahali pa juu.
- Ukiokota kitu, piga goti huku mgongo umenyooka.
- Tembea kila siku, ukiongeza mwendo kidogo kidogo.
- Usivute sigara; huzuia mfupa kushikana.
- Kama choo ni cha shimo, tafuta kiti chenye tundu.

Rudi hospitali haraka ukiona:

- homa, au kidonda kutoa usaha;
- miguu kulegea;
- ganzi sehemu za siri;
- kushindwa kukojoa, au kushindwa kuzuia mkojo au choo.

Kabla ya kutia sahihi, muulize daktari:

Ni pingili ngapi zitaunganishwa? Kuna tiba nyingine? Nitarudi lini shambani? Nani atanifundisha mazoezi? Kama lugha ni tatizo, omba mkalimani.