Daftari la Kompyuta na Umeme Unaokatika

Leo twataka kujua jambo moja: umeme ukikatika ghafula, kompyuta hujuaje kazi yake ilifika wapi?

Shida hiyo mwaijua. Mji wa Mpanda ulitumia majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, hata baada ya Katavi kuwa mkoa mwaka 2012. Na jenereta halipigi hodi likitaka kuzima.

Mfikirieni karani wa ghala la mpunga. Gunia likihamishwa, hulifuta huku akaliandika kule. Akiitwa nje kabla hajamaliza, orodha yake itasema uongo. Orodha ya mafaili ndani ya diski ndivyo ilivyo.

Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ulianzishwa Marekani mwaka 1969 katika maabara ya Bell. Kwa miaka mingi, umeme uliporudi ilibidi orodha yote ikaguliwe upya. Diski ilipokuwa kubwa, watu walikaa wakingoja.

Mwaka 1990 kampuni ya IBM ikatia daftari dogo ndani ya Unix yake iitwayo AIX. Kabla ya kugusa orodha kuu, kompyuta huandika kwanza humo inalotaka kufanya. Umeme ukirudi, husoma daftari hilo tu. Neno lililoandikwa likaisha hutimizwa. Lililokatika katikati huachwa.

Linux, mfumo unaofanana na Unix, ulikuwa na mpango wa kutunza mafaili uitwao ext2, wa mwaka 1993. Mwaka 1998 Stephen Tweedie alieleza jinsi ya kuutilia daftari, na mwaka 2001 kazi yake, ext3, ikaingia rasmi katika Linux. Mimi naisifu hasa kwa adabu yake: diski ya zamani haikufutwa, iliongezewa daftari tu. Tena ext2 iliweza kuisoma, mradi kompyuta ilizimwa sawasawa.

Sasa sikilizeni kasoro. Kwa desturi ext3 huandika daftarini habari za orodha, si maneno ya barua yako. Mahali pa gunia patajulikana, lakini mpunga ulio ndani haukuhesabiwa. Ukitaka yote yaandikwe, huandikwa mara mbili, na mara nyingi kazi huwa nzito. Na faili ulilolifuta ni vigumu kulirudisha kuliko katika ext2.

Hatari nyingine: Windows peke yake haiisomi diski hiyo. Ukiichomeka, yaweza kukuuliza kama uifomati, yaani iandaliwe upya. Jibu ni hapana, hata fundi akikuharakisha, kwa maana ukikubali, hesabu zote za chama chenu zaweza kupotea.

Mwaka 2008 ilikuja ext4, ambayo simu nyingi za Android zimeitumia. Mwaka 2015 programu ya ext3 iliondolewa katika Linux, kwa kuwa ile ya ext4 husoma diski za ext3 pia.

Haya, andikeni maneno manne: karani, orodha, daftari, diski.