Giza linapomtisha mtu mzima

UMEME ulipopotea karibu kote nchini usiku wa Agosti 25, 2023, wengi waliwasha mishumaa wakaendelea na mlo wao. Lakini wapo waliokumbatia tochi ya simu, moyo ukiwadunda, wakitazama chaji ikipungua. Miongoni mwao ni akina baba na akina mama wenye kazi na heshima zao, ambao siri hiyo hawajapata kumwambia yeyote.

Kwa mtoto, kuogopa giza si ugonjwa. Aghalabu hofu hiyo huanza akiwa na umri wa miaka miwili au mitatu, wakati ambapo bado hajaweza kutenganisha zimwi la hadithini na koti lililotundikwa mlangoni, na wengi huiacha wakikua. Inaposalia ukubwani, ikadumu miezi sita au zaidi na kuvuruga usingizi, kazi au ndoa, wataalamu wa afya ya akili huihesabu kuwa fobia.

Kinachoilisha hofu hii ni kukwepa. Mwathiriwa akisikia mabati yakilia, huwasha taa papo hapo. Moyo hutulia, nao ubongo huamini kwamba ni taa iliyomwokoa. Haupati kamwe nafasi ya kugundua kuwa hapakuwa na hatari yoyote. Miaka 30 hupita hivyo.

Tiba huenda kinyume cha hayo. Mnamo 1924, mwanasaikolojia Mary Cover Jones wa Marekani alieleza jinsi alivyomwondolea mtoto aliyeitwa Peter hofu ya sungura, kwa kumsogeza mnyama huyo karibu kidogo kidogo huku mtoto akila chakula alichokipenda. Joseph Wolpe, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini, aliendeleza utaratibu wa kumzoesha mtu kile anachokiogopa hatua kwa hatua katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1958.

Anayeogopa giza anaweza kuanza kwa kuzima taa ya chumbani na kuacha ya sebuleni, mlango ukiwa wazi. Akae hapo bila kukimbia. Hofu itapanda, ifike kileleni, kisha ishuke yenyewe. Akishazoea, mlango urudishwe nusu, halafu ufungwe. Simu na iwe mbali: seli za jicho zinazoona gizani huhitaji takriban nusu saa kuzoea kikamilifu, hivyo anayeiwasha kila baada ya dakika tano huyaanzisha macho upya, na kila mara giza humwonekea zito kuliko lilivyo.

Mke au mume asimcheke, wala asimzimie taa ghafla kwa nia ya kumkomaza. Mzazi anayemfungia mtoto gizani ili apate ushujaa anaweza kumwongezea hofu iyo hiyo.

Mazoezi haya ni ya ndani ya nyumba iliyo salama. Anayehofia kichochoro kisicho na taa ana tahadhari, si fobia. Na kwa aliyevamiwa usiku, kama ilivyowafika wengi katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, giza hurejesha jambo lililotokea kweli. Huyo asijaribu peke yake. Amwone mnasihi au daktari wa afya ya akili. Hospitali ya Mathari, Nairobi, ni mojawapo ya mahali anapoweza kuanzia.