KIPIMO CHA KAZI: MWANAFUNZI, MTIHANI NA AZIMIO LA MUSOMA

Nani ampime mwanafunzi, na ampime kwa kipimo gani? Swali hili mara nyingi huachiwa walimu na wakaguzi, kama kwamba ni la kitaalamu tu. Katika nchi yetu limekuwa swali la siasa tangu mwanzo, na inafaa kila kada aijue historia yake.

Mkoloni alipima kwa mtihani mmoja. Mtoto wa mkulima alisoma miaka mingi, na mwisho akaandika karatasi zilizotungwa Cambridge na kupelekwa Uingereza kusahihishwa. Kama alilima, kama alimsaidia mwenziwe, kama alijua kuongoza kikundi, mtihani haukuuliza. Kazi yake ilikuwa kuchuja: kupata makarani na maofisa wachache, na kuwafanya waliobaki waamini kwamba wameshindwa kwa ujinga wao wenyewe. Uhuru wa 1961 haukuiondoa kasumba hiyo. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, waliopata nafasi ya sekondari walikuwa takriban 13 tu katika kila watoto 100 waliomaliza shule ya msingi. Alionyesha wazi kuwa mtihani hupima uwezo wa kukumbuka mambo na kuyaeleza kwa muda uliowekwa. Haupimi tabia ya mtu wala moyo wake wa kutumikia.

Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na 1973 ikaunda Baraza la Mitihani la Taifa. Tusijidanganye hapa. Kubadili anwani ya msahihishaji ni jambo la heshima kwa Taifa, lakini kipimo kilibaki kile kile. Hatua ya kimapinduzi ilitoka Musoma, Novemba 1974, pale Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilipoamua kuwa mtihani wa mwisho usiwe hakimu pekee. Kuanzia 1976 mazoezi, majaribio na kazi za mwanafunzi darasani zikahesabiwa pamoja na mtihani huo, nusu kwa nusu, na tabia yake na bidii yake kazini zikaandikwa. Aliyemaliza Kidato cha Sita alitakiwa kwanza akafanye kazi, kisha apate mapendekezo ya mahali pake pa kazi na ya tawi la Chama, ndipo aende Chuo Kikuu. (Sharti hili lililegezwa mapema kwa wasichana, kwa sababu idadi yao chuoni ilishuka. Si kila kipimo kizuri kinamwangukia kila mtu kwa uzito ule ule.)

Nia ilikuwa sahihi. Je, ilipoingia shuleni ilikuwaje?

Kwanza, kazi yenyewe. Katika shule nyingi jembe lilikuwa adhabu. Mwanafunzi akichelewa, akalime. Akipiga kelele bwenini, akafyeke. Kisha mwalimu yule yule aliyempa jembe kama fimbo alitakiwa aandike daraja la bidii yake katika kilimo. Haiwezekani kupima moyo wa kujitegemea kwa kazi ambayo mtoto amefundishwa kuiona ni aibu.

Pili, na hapa ndipo penye mgogoro wenyewe, nafasi zilibaki chache. Palipo na nafasi chache, kila alama hugeuka ngazi ya kupandia, hata alama ya ushirikiano. Mwanafunzi mjanja hujifunza kulima akiwa anaonekana. Tukiri pia kwamba mtihani tunaoulaumu una jambo moja jema: msahihishaji huona namba ya mtahiniwa, haoni jina, wala hajui baba yake ni nani. Alama ya kushiriki hutolewa na mtu anayekufahamu, na anayeweza kukuchukia.

Nilisoma sekondari miaka ya 1990, katika shule nisiyoitaja. Mwenzetu mmoja alikuwa wa kwanza kuingia shambani na wa mwisho kutoka. Siku moja mbele ya gwaride la asubuhi akauliza fedha za mahindi zilikwenda wapi. Hakujibiwa. Mwisho wa muhula, kwenye ripoti yake, bidii ya kazi: D. Hakuna aliyesema kitu, nami nikiwemo.

Makada waitazame ripoti ya shule, sehemu ya tabia na mwenendo. Wataona bidii ya kazi, ubora wa kazi, utunzaji wa mali, ushirikiano, heshima, uongozi, utii, usafi, uaminifu, michezo. Yote ni mema. Lakini kukosoa na kujikosoa kuko wapi? Mwongozo wa TANU wa 1971, katika ibara ya 15, ulimkataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Shuleni tulipima utii wa mtoto kwa mwalimu. Hatukuweka mahali pa kupima uonevu wa mwalimu kwa mtoto.

Ndiyo maana mtihani ulirudi kwa nguvu, na wazazi wakaukaribisha. Mwaka 2013 Wizara ilipotangaza mgawanyo mpya wa alama za Kidato cha Nne, mtihani wa mwisho ulipewa 60 na maendeleo 40. Katika hizo 40, mradi wa mwanafunzi ulipata 5. Mgawanyo huo umebadilishwa tena tangu hapo. Wengine husema Musoma ilishindwa. Mimi nasema haikufikishwa mwisho: tulimnyang'anya msahihishaji wa mbali kipimo, tukamkabidhi bwana mdogo wa karibu, badala ya kuwapa wale waliofanya kazi pamoja.

Katika mafunzo ninayoyaendesha, kila kikundi kina daftari la kazi. Huandikwa siku, aliyekuja, alichofanya, kilichovunwa, na fedha iliyopatikana. Jina langu nalo limo. Mwisho wa mwezi daftari husomwa kwa sauti mbele ya wote, na kila mmoja hujipa alama kwanza, kisha wenzake huikubali au huipinga kwa kutaja siku. Safari iliyopita tulibishana mchana kutwa juu ya siku tatu za ndugu mmoja, na mbili kati ya siku zangu zilifutwa.